Tembe ya Chini ya Ulimi

Sijui nitaingiaje tena kanisani. Mimi ni mwalimu hapa Kaaga, mtu mzima mwenye ugonjwa wa moyo. Kifua kikibana, huwa naweka tembe chini ya ulimi.

Jumamosi nilipita duka la dawa huko Majengo, ambako sifahamiki, kununua ile dawa mpya ya wanaume. Muuzaji akaniuliza, "Mzee, moyo uko sawa? Hii ikikutana na ile tembe ya chini ya ulimi, presha inaanguka na unaweza kufa."

"Moyo wangu ni wa ng'ombe dume," nikamdanganya.

Nikaimeza nyumbani, nikimngoja mke wangu atoke sokoni. Alirudi na mama yake na akina mama wa kanisa, wamekuja kuuombea moyo wangu! Nikaketi upesi, gazeti mapajani. Katikati ya maombi, kifua kikabana kweli.

"Tembe yake!" mke wangu akapiga kelele.

Mama mkwe, ambaye kwa heshima hajawahi hata kukaa karibu nami, akanishika taya. "Baba Kendi, fungua mdomo!"

Nikakaza meno. Wakadhani ni pepo, wakaanza kumkemea.

"Msinipe!" nikalia mwishowe. "Nimemeza dawa ya wanaume! Nipelekeni hospitali!"

Gazeti likaanguka. Mama mkwe akaachia taya langu, akajifunika uso kwa leso. Kiongozi wa maombi akauliza, akiangalia ukuta, kama waendelee kuombea moyo peke yake.