Mbwa Aliyebaki Nje ya Fingo

Kiwanja tulichopewa katika kijiji kipya kilipimwa kwa kamba, na nyumba zetu zikasimama kwenye mstari mmoja kama watoto wa shule kwenye gwaride. Kule tulikohama, nyumba yetu ilikuwa peke yake katikati ya mikorosho, na ua wa fito na mabua ya mtama uliizunguka. Hapa mtu akikohoa, jirani wa tatu anamwambia pole.

Baba alipomaliza kuezeka alikata fito, akaanza kusimika ua. Hajafika mbali, balozi wa nyumba kumi akaja, akasimama akizitazama.

"Shehe, hizo fito za nini?"

"Za ua."

"Ua! Mbona sisi wengine tuko wazi? Una wake wanne humo?"

"Sina hata mmoja, na wewe unajua. Nina mbwa."

"Kumbe mbwa ndiye anayeona haya!"

Waliokuwa wakipita wakacheka. Balozi naye akacheka, kisha akashusha sauti akasema waliopima viwanja wamekataza nyua. Kijiji cha ujamaa, mtu amwone mwenzake. Baba alizing'oa fito zake, na bibi akazipikia.

Tuliishi watatu: baba, mama yake ambaye ndiye bibi yangu, na mimi. Mama yangu alikuwa ameshafariki. Mbwa alikuwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limechanika. Ndiye aliyelinda mihogo na mahindi yetu, na nguruwe walimjua. Ndani hakuingia. Nyumba yetu ni ya watu wanaoswali, na tumefundishwa kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Alilala nje, juu ya majivu, nyuma ya jiko. Baba alimlisha ila hakumgusa. Aliyemgusa ni mimi, na kila mara bibi alinifukuza nikanawe kabla sijashika chungu.

Mwaka huo wa kwanza chui akaanza kuchukua mbwa wa kijiji. Watu wa nyumba ya mwisho walimfunga mbwa wao kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya baraza, ili asizurure. Asubuhi kamba ilikuwapo, fundo halijafunguka, na kitanzi cha shingoni bado kimezunguka vilevile. Damu haikuwapo. Waliokuwa wamefunga mbwa wao wakawafungua, na wasiofunga wakafunga, lakini mbwa waliendelea kwisha. Ikafika jioni kijiji kizima kinanyamaza. Kule porini sikuwahi kusikia kimya cha namna hiyo.

Nilimwambia bibi kwamba wetu naye ataliwa.

"Ua wa fito wameukataza," bibi akasema. "Ua usioonekana nani ataukataza? Tulia, mke mwenzangu."

Akamwagiza fundi mmoja wa dawa kutoka upande wa Kiranjeranje aje kuzindika kiwanja. Baba alinung'unika, akasema Qurani inatosha. Bibi akamwambia Qurani aisome, na fundi aje. Fundi alifika alasiri, mtu mwembamba asiyesema sana. Alichimba vishimo kwenye pembe za kiwanja, akafukia humo fingo, yaani vifuko vya kaniki vilivyoshonwa kwa uzi mweusi, vyenye harufu ya mafuta ya mnyama nisiyemjua. Kisha akaburuta kijiti ardhini kutoka pembe hadi pembe, mpaka mstari ukabakiza nafasi ndogo tu penye njia ya kuingilia.

Hapo akasimama, akamtazama baba. "Watu wa mji huu, wa nyumba hii, wamo wote?"

"Tumo."

"Wote?"

"Tumo wote."

Akaufunga mstari. Alikula, akaagana nasi, akapanda lori la kwenda Nangurukuru.

Mbwa hakuwamo. Alikuwa na tabia ya kurudi mahameni kwetu kila asubuhi, akashinda huko kwenye nyumba iliyobomolewa, akilinda mihogo yetu iliyobaki, na kurejea jua likipunguka. Baba hakusema uongo. Mtu akiulizwa watu wa mji wake hahesabu mbwa.

Alikuja kama kawaida, akikimbia taratibu, ulimi nje. Alipofika kwenye mstari akasimama, kama aliyegonga kitu. Manyoya ya mgongoni yakasimama. Alinusa chini, akarudi nyuma, akauzunguka mstari wote mpaka akafika tena pale pale. Nilimwita. Nilimtupia kichwa cha samaki, kikaanguka upande wangu wa mstari, akakitazama kwa tamaa, asije. Nikamsogezea ugali kwenye kifuu, hatua moja tu kutoka puani pake. Akalia sauti ndogo nyembamba, akajilaza huko huko upande wa pili.

"Mwache, atazoea," baba akasema, akaniita ndani.

Asubuhi nilitangulia kutoka kabla ya wote. Alikuwapo, hai, palepale, anatetemeka kama mwenye homa. Mchanga uliomzunguka ulikuwa umejaa nyayo za duara, pana kuliko kiganja changu, zisizo na alama ya kucha. Zilitoka mikoroshoni, zikamkaribia hadi karibu na mkia wake, zikakaa, kisha zikarudi zilikotoka. Kwa nini chui hakumchukua, sijui hadi leo. Bibi aliziangalia muda mrefu.

"Huyu amekuja kumtazama," akasema. "Leo atakuja kumchukua."

Nilivuka mstari, nikamshika shingoni nimvute ndani. Miguu ya mbele ilipougusa mstari alipiga ukelele nisiowahi kuusikia kwa mbwa, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Nikamwachia. Nikajaribu upande wa jiko, ikawa vilevile. Balozi alikuwa barazani kwake, anapiga mswaki kwa kijiti.

"Mwanangu, huyo mbwa umemchinja?"

Niliona aibu, nikakimbilia jikoni.

Nikamwomba bibi tufukue fingo moja tu, mbwa apate mlango.

"Ukimfungulia yeye umemfungulia na mwingine," bibi akasema. "Dawa haikukosea. Fundi aliuliza, akajibiwa. Aliyejibu kwamba wote wamo ndiye aliyemwacha nje, na ndiye wa kumwingiza. Ambebe kwa mikono yake, aseme huyu ni wa mji huu."

Baba alikuwa anasikia.

"Mama, nimhesabu mbwa pamoja na wewe?"

"Mimi sijakataa."

"Nimbebe kifuani, kisha niende kuswali?"

"Maji yapo, na udongo upo. Utajiosha. Mbwa ndiye hatapatikana mwingine."

Baba akachukua jembe, akaenda kwenye shamba la kijiji. Mchana kutwa nilikaa karibu na mstari. Mbwa hakwenda mahameni siku hiyo. Alilala akitazama mikoroshoni, na kila jani likidondoka aliinua kichwa. Jua likawa kali, kuku wakajificha uvunguni mwa ghala, na mimi nikaanza kuhisi kwamba huko anakotazama kuna anayetutazama na sisi. Niligeuka kumwangalia bibi, nikakuta naye ameacha kupepeta. Ungo uko mikononi, amekodoa macho huko huko.

Baba alirudi alasiri. Alioga, akavaa kanzu na kofia, akatoka kwenda msikitini kabla ya magharibi, kama desturi yake. Ilimbidi apite kando ya mbwa, akapita. Alikuwa amefika kwenye nyumba ya pili ngedere walipoanza kupiga kelele mikoroshoni, ile kelele yao ya kukatakata wanapoona kitu chini ya mti. Kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Mbwa hakubweka. Alijikunja, akaficha pua chini ya mkia.

Baba akasimama. Nilimwona ameinamisha kichwa. Halafu akarudi kwa hatua za haraka, akavua kofia akanipa, akavua kanzu akanipa, akabaki na shuka. Akainama akamkumbatia mbwa kama mtu anayebeba gunia la mihogo. Mbwa hakulia wala hakujitupa. Alilegea, mate yakamtiririka baba begani.

Wakati huo balozi na wengine wawili walikuwa wakipita kwenda msikitini.

"Shehe! Huyo ndiye mke uliyekuwa unamjengea ua?"

Wakacheka sana. Baba hakuwageukia. Alisimama mbele ya mstari, akasema kwa sauti ambayo nyumba zote za mstari wetu ziliisikia:

"Huyu naye ni wa mji huu. Nilimsahau."

Akavuka. Cheko likakatika. Nilimtekea baba maji, akajiosha bega na mikono mara saba, mara ya kwanza kwa udongo, na swala ya jamaa ikampita. Aliswali peke yake ukumbini.

Kesho yake asubuhi tulikuta nyayo zile zimezunguka kiwanja chote kwa nje, hatua moja kutoka kwenye mstari. Na kwa ndani, hatua moja kutoka kwenye mstari, nyayo za mbwa wetu. Walikuwa wamezunguka pamoja, ubavu kwa ubavu, mpaka udongo ukalainika. Sisi hatukusikia kitu.

Kutoka hapo mbwa akawa salama, lakini hakuvuka tena, hata kwenda nje. Nguruwe wakajua, wakaingia mihogoni. Ikawa kila asubuhi baba anambeba, anamvusha mstari, anamweka chini, na mbwa anamfuata shambani akibweka kama zamani. Jioni wakirudi anamngoja kwenye mstari, abebwe. Mimi alinikataa. Nilijaribu siku baba alipokuwa na homa, akalia ukelele ule ule. Watu walizoea. Balozi alimwita baba "bwana harusi", na baba akawa anaitika.

Jioni moja walichelewa kurudi. Nilikuwa mlangoni natwanga. Baba alimwinua mbwa kama kawaida, miguu ya mbele begani mwake, akapiga hatua, halafu akasimama, mguu mmoja nje na mmoja ukiwa juu ya mstari. Mbwa alikuwa ameganda. Alikuwa akitazama nyuma ya mgongo wa baba, hathubutu hata kupumua.

"Kuna kitu nyuma yangu?" baba aliniuliza polepole, bila kutikisa kichwa.

Niliangalia. Chini ya mkorosho wa karibu hapakuwa na upepo, na majani ya tawi moja tu yalikuwa yakichezacheza.

Mimi si mtu wa kupaza sauti. Siku hiyo niliipata.

"Usigeuke, baba," nikasema. "Ingia kwanza."

Akaingia.