Bibi Aliyeanika Dagaa Usiku wa Mbalamwezi

Watu wakinisikia husema siku ile nilikuwa na homa. Sikuwa na homa, sikuwa nimekunywa chochote zaidi ya chai ya tangawizi, na wala mimi si mtu wa kuona majini kwenye kila kichaka. Nimezaliwa Ujiji, nimelelewa na mama aliyeanika dagaa ufukweni maisha yake yote. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu haya, na aliyepatwa na jambo lenyewe ni mume wangu wa ndoa. Sasa nikudanganye ili nipate nini?

Mume wangu, Baba Doreen, si mtu wa huku. Alikuja Kigoma kwa kazi, akanioa, akazoea kila kitu chetu isipokuwa kukaa bila kuonekana. Mwaka jana alinunua hema la kufunga juu ya gari. Ukilifungua linakuwa kama kitanda chenye paa, na unakipanda kwa ngazi. Majirani zetu wa Rusimbi walitoka kulitazama. Mama yangu aliuliza kama nyumba imetushinda. Lakini mwanamume akishanunua kitu chake, utafanyaje? Akasema Jumamosi tukalale ziwani kwa sababu kuna mbalamwezi, Doreen abaki kwa bibi yake Buzebazeba, na Popi twende naye.

Popi ni mbwa. Baba Doreen alimleta nyumbani miezi michache kabla ya hapo, akasema amemwokota barabarani. Jike la kahawia, mpole, lenye tabia moja iliyonishangaza. Nikianika dagaa uani, mbwa wa watu huiba. Popi alizunguka mkeka bila kuukanyaga, akalala pembeni, akawa anafukuza kunguru. Nilisema huyu kafundishwa na mtu. Mume wangu akacheka, akasema labda mbwa wa Kigoma huzaliwa hivyo.

Tulikwenda kusini mwa Ujiji, kwenye kaufukwe kadogo kaliko peke yake. Tulipofika ndipo aliponiambia siri yake: pale ni petu. Alikuwa amenunua kwa ukoo mmoja, na atajenga vibanda vya wageni. Nilifurahi, sikufichi. Ila niliona miguu ya chanja zilizoungua imechomoza mchangani. Chanja ni zile meza za wavu ambazo kina mama huanikia dagaa. Nikauliza nani alikuwa anafanya kazi pale.

"Hakuna mtu. Walihama," akasema, akaenda kutafuta kuni.

Tulikula, jua likazama, tukapanda kulala. Popi hakutulia kule chini. Alisimama kwenye zile chanja zilizoungua, ananusa na kulia, mpaka nikambeba begani nikapanda naye ngazi. Mume wangu akanung'unika kwamba hema jipya litanuka mbwa. Nikamwambia alale.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Niliamshwa na sauti ninayoijua tangu nikiwa mgongoni kwa mama: dagaa wabichi wanamwagwa na kutandazwa kwa mkono. Nikafungua zipu kidogo. Nje kulikuwa kweupe, ungeweza kuokota sindano. Bibi mmoja amejifunga kanga kiunoni, ana beseni, anamwaga dagaa kuzunguka gari letu lote na kuwatandaza taratibu. Shikamoo ilinifika mdomoni, ikakwama.

Kama wewe si wa huku utasema, kuna ajabu gani hapo? Sikiliza. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa. Kukiwa na giza wanaifuata taa, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linakuwa jeupe, taa haina kazi, mitumbwi inavutwa nchi kavu na wavuvi wanalala na wake zao. Hata mtoto wa darasa la kwanza Ujiji anajua kwamba usiku wa mbalamwezi hakuna dagaa wabichi. Nilitazama ziwani, sikuona taa hata moja. Sasa yule bibi dagaa wake kawatoa wapi?

Na Popi hakubweka. Niamini, hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alilia kile kilio cha mbwa ambaye mwenye mji wake amerudi safari, mkia unapiga ukuta wa hema.

Bibi akainua uso. "Mwakeye," akasema. Hiyo ni salamu ya Kiha ya asubuhi. Anatusalimu asubuhi, usiku wa manane. Kisha akasema, "Mwanangu, mwamshe mumeo. Nina kazi naye."

Nikamtikisa. "Baba Doreen, amka. Huyu ni nani?"

Alilala kifudifudi, akachungulia. Nimekaa na yule mwanamume miaka mingi, uso wake wa woga naujua na uso wake wa hatia naujua. Niliouona pale ulikuwa wa hatia. Akasema, "Simjui."

Hajamaliza neno, akageuzwa. Sijui nikuelezeje. Hakuna aliyemshika. Alikuwa kifudifudi, mara akawa chali, kama dagaa anavyogeuzwa ili upande wa pili nao upate jua. Kule chini bibi alikuwa amegeuza dagaa kwa kiganja chake.

"Mume wangu, unamjua?"

"Haki ya Mungu simjui."

Akageuzwa tena, gari likayumba. Kila alipoapa bibi aligeuza dagaa, na yeye akageuka. Safari ya mwisho paji la uso liligonga chuma cha hema, damu ikamtoka. Nikamwambia, "Endelea kuapa, ufe hapa. Au sema." Njia ya mwongo ni fupi, yake iliishia pale.

Akasema huku analia. Yule alikuwa Bibi Stefania, mjane. Ukoo wa marehemu mumewe ndio uliouza ufukwe bila kumshirikisha. Alikataa kuondoka, akasema ameanika pale tangu ni bibi harusi na watoto wake wamesoma kwa mchanga ule. Baba Doreen akaona anacheleweshwa. Akapeleka vijana alfajiri, wakachoma chanja zote, dagaa wakiwa juu yake, bibi akiwa amesimama anatazama. Mbwa wake alikataa kutoka kwenye majivu. Mume wangu akamwona ni mbwa mzuri, akamfunga kamba, akamtia kwenye gari. Baadaye alisikia kwamba bibi kafa kwa ndugu zake alikopewa kona ya kulala.

"Ukamleta mbwa wake nyumbani kwangu, nikamlisha kwa mkono huu," nikasema. Nilikuwa namwona mama yangu amesimama mbele ya chanja zake zinawaka.

Mume wangu akaanza kuomba. "Bibi, nisamehe. Ufukwe nitaurudisha."

"Utaurudisha," yule bibi akajibu. Hakuwa na haraka, alikuwa anachambua takataka kwenye dagaa wake. "Hilo sikuombi. Lakini umeniondoa nilipokuwa naanika, basi nami nitakuanika wewe. Nitakugeuza usiku, nitakugeuza mchana, mpaka ukauke." Kisha akanitazama mimi. "Wewe sina neno nawe. Nishushie mbwa wangu."

Baba Doreen akamkumbatia Popi kwa mikono miwili. "Usimpe, Mama Doreen. Huyu ndiye kinga yetu. Akimchukua, hana tena sababu ya kutuacha hai."

Niseme nini? Pale palikuwa na mume wangu, baba wa mtoto wangu, ananisihi. Na palikuwa na bibi anayedai kilicho chake. Nilimbandua vidole kimoja kimoja, nikamtia Popi begani, nikashuka ngazi. Nilikanyaga dagaa, nilisikia ubaridi na utelezi wao kwenye nyayo. Nilipomweka mbwa chini alimrukia yule bibi kifuani, na bibi akacheka kama mtu yeyote anavyocheka akirukiwa na mbwa wake. Wakaondoka wakifuata maji. Nilipogeuka kulitazama gari, mchanga ulikuwa mtupu. Lakini magamba yalikuwa kwenye miguu yangu mpaka kulipokucha.

Popi hatukumwona tena. Ufukwe umerudi, kina mama wanaanika pale, na chanja mpya alizigharimia Baba Doreen. Hakusamehewa. Akijilaza kitandani anageuzwa. Akijilaza kwenye mkeka anageuzwa. Alilazwa hospitali, wauguzi wakamfunga kwa shuka, asubuhi wakamkuta amegeuka na shuka zimesokotana mwilini. Siku hizi analala ameketi, akisinzia kidogo na kushtuka. Anakunywa maji ndoo nzima na ngozi yake bado inapukutika. Padri amekuja, mganga amekuja, wote wameondoka na nauli zao. Watu wananiambia nimwombee. Namwombea, ila siombi kwa nguvu. Malipo ni hapa hapa duniani, na mimi nampikia uji, namfulia, kisha naenda kulala chumbani kwa Doreen, na ninalala vizuri.

Kwa hiyo wewe unayetafuta kiwanja kando ya ziwa, nisikilize. Mipaka utaonyeshwa, hati utaonyeshwa, wazee wa ukoo watakula nawe wali na kukuita mwanetu. Usikubali kitu mpaka umeuliza ni mwanamke gani anafanya kazi pale, ukakaa naye chini, ukasikia kwa mdomo wake mwenyewe. Akikataa, washa gari uondoke. Na kama ulishamwondoa, na ameshakufa, usije Rusimbi kuniuliza dawa. Ningekuwa nayo ningempa mume wangu kwanza. Au labda nisingempa.