Shada Kutoka kwa Wenye Ndege

Msomaji wangu, juma lililopita nilikwenda sokoni Kisumu Ndogo, hapa Kibera, kununua omena, wale dagaa wa ziwani, kama kawaida yangu, nikakuta meza ya mama niliyemzoea imefunikwa gunia. Jirani yake anayeuza makaa akaniambia bila kuniangalia, "Msichana wake ameenda. Yule wa ndege. Ni homa ya mapafu." Nililia pale pale sokoni, na sioni haya kusema hivyo.

Yule wa ndege alikuwa jirani yangu mtaani Ayany. Alizaliwa Kambi Muru, hapa hapa Kibera, akasomeshwa kwa omena za mamake, akawa mhudumu wa ndege. Alikuwa na mzaha. Ukikutana naye kwenye ngazi zetu za giza angekuelekeza kwa kiganja kilichokunjuliwa, na tabasamu la kazini: "Mlango wa dharura uko nyuma yako." Ndiye aliyenieleza kwamba wakilala hotelini ugenini, kati ya safari moja na nyingine, walikatazwa kuonja hata bia moja, maana hata ukiwa umelala wewe ni wa kampuni. Alinieleza hayo kwa fahari kidogo.

Katika hoteli ya namna hiyo, rubani wao aliingia chumbani kwake akambaka. Aliporudi nyumbani alishtaki ofisini. Walimsikiliza, wakampa maji ya kunywa, kisha wakamjibu kwamba la hotelini lilitokea nje ya saa za kazi, kwa hiyo kampuni haihusiki. Polisi wa hapa nao wakamwambia aende kwa polisi wa kule. Rubani akaendelea kuruka. Yeye akaondolewa safarini, eti apumzike, na mkataba wake ulipokwisha hakupewa mwingine.

"Bia ya hotelini ni ya kampuni," aliniambia, "lakini mimi sikuwa wa kampuni. Ebu nielezee hiyo, si wewe ndio huandika kwa gazeti?" Fidia hakuitaja hata mara moja. Alitaka waajiri wake wakiri jambo moja tu, kwamba yale yalimpata akiwa kazini kwao.

Kodi ya Ayany ilipomshinda alihamia chumba kimoja Kawangware, akawa anashinda mezani kwa mamake. Vijana wa Kisumu Ndogo wakambandika jina, "Rubani." Hawakujua. Siku moja nikamsikia akimwambia mmoja wao polepole, "Niite kitu ingine. Ata Omena ni sawa." Wakamwita Omena, naye akaitika hadi mwisho.

Sisi tunapenda sare. Binti wa Kibera akipita na kofia ya ndege tunajisifu kana kwamba tulimshona wenyewe. Akivuliwa utu wake tunauliza alifungua mlango kwa nini, alivaa nini, na mwajiri hatumuulizi kitu. Nimeyaandika haya katika safu hii zaidi ya mara moja na sijaona ofisi hata moja ikitikisika. Nimechoka, na nadhani wenye ofisi wanajua kwamba tunachoka.

Jumamosi tulimwombea kanisani Kawangware. Wakaja maafisa wawili wa kampuni na shada kubwa la maua, utepe wake umeandikwa "Mmoja Wetu." Mmoja wao akasimama, akasema marehemu alikuwa mwana wa familia yao na angebaki kuwa wa kwao daima. Mama akainuka kabla hajamaliza. Hakupaza sauti.

"Leo ndio amekuwa wenu? Na hiyo siku ya hoteli alikuwa wa nani?"

Afisa akaketi. Mchungaji akaanzisha wimbo.

Rubani yule bado anarusha ndege. Sina faraja ya kuwapa, wasomaji wangu, ila hilo nililojifunza kwenye benchi la kanisa: wako waajiri ambao mtu huwa wa kwao siku anapokatazwa bia, na siku anapolala jenezani, asipoweza tena kuwauliza lolote.