Kuzima Umeme kwenye Chumba cha Watoto Njiti

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili msomaji asinitarajie makubwa. Naogopa radi, naogopa mbwa wa jirani, na kuliko vyote naogopa ile amri ya mwisho ninayoipa kompyuta ya watu: sasa anza kukataa. Kazi yangu ndiyo hiyo.

Natengeneza sera za usalama za mifumo ya kompyuta. Kila programu naiandikia kanuni: faili hizi utafungua, kifaa hiki utakigusa, kingine chochote ni marufuku. Kanuni hizo nazikompaili, yaani nazigeuza ziwe lugha ya mashine, zinakuwa moduli, kisha nazifunga kwenye kifurushi na kukisakinisha. Hakuna binadamu anayekumbuka yote yanayofanywa na programu. Kwa hiyo kwanza tunaiacha wiki nzima katika hali ya kutazama tu: mfumo hauzuii kitu, unaandika tu kile ambacho ungezuia. Kutoka hapo tunajua cha kuruhusu.

Ndivyo tulivyofanya katika kliniki moja ya Mutanga Sud, mtaa wa hapa Bujumbura, mimi na bosi wangu, mzee wa ukoo wa Kiarabu ambaye babu zake waliuza vitambaa mjini na yeye akapenda kompyuta. Wezi wa mtandaoni walikuwa wameiingilia kompyuta ya kliniki, na ndiyo hiyohiyo iliyoshika kengele za chumba cha watoto njiti. Mtoto akipungukiwa hewa, au uzi wa kipimo uliofungwa mguuni mwake ukichomoka, kengele inawalilia manesi. Wiki yetu ya kutazama ilikuwa ya ajabu, maana umeme haukukatika hata mara moja. Mtaani watu walipiga pasi mpaka shuka. Na sisi tukafurahi kama wengine, tukafunga kifurushi, tukasakinisha.

Halafu dada yangu akajifungua kabla ya wakati, na binti yake akalazwa chumba hichohicho.

Asubuhi moja nilipompelekea dada uji, umeme ulikatika. Nesi mkuu alikuwa akipita kati ya vitanda, akakuta uzi umechomoka mguuni mwa mtoto mmoja. Kengele ilikuwa kimya. Mtoto alikuwa mzima, akinyonya kidole, lakini nesi alinigeukia akiwa amekunja uso.

"Ile mashine mulitengeneza, juu ya nini inanyamaza?"

Nililijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Umeme ukikatika, kompyuta inabaki kwenye betri yake, na programu ya kengele inaacha spika ya ukutani na kutumia spika ndogo ya betri iliyo mezani kwa manesi. Katika wiki ile ya raha haikuigusa kabisa. Kwa hiyo moduli yangu haikuijua, na ambacho haikijui inakikataa. Tulikuwa tumeifundisha mashine maisha ya mji mwingine, si ya Bujumbura.

Nikairudisha katika hali ya kutazama palepale. Nesi akaurudisha uzi mguuni, akauchomoa tena, spika ndogo ikalia, na mfumo ukaandika kile ambacho ungezuia. Nikaongeza kanuni, nikakompaili upya, nikafunga kifurushi kingine. Hata nywila yangu mwenyewe niliikosea mara mbili.

Mchana umeme ulirudi, na bosi akafika. Tulisakinisha, tukaiamuru mashine ianze tena kukataa. Lilibaki jaribio, na jaribio lilikuwa moja tu: kuzima umeme kwa makusudi watoto wakiwa ndani, kwa sababu kompyuta na vitanda vya joto viko kwenye laini moja. Jenereta ya kliniki nayo ina kiburi chake, siku nyingine inawaka, siku nyingine inakohoa tu. Nilitazama kile kifua cha mpwa wangu, chembamba kama cha kifaranga.

"Zima mwenyewe, mwanangu," bosi alisema. "Moduli ni yako. Tawakali."

Nikasema tungoje ukatike wenyewe, kwani ni lini Bujumbura ulikosa kukatika? Nilijitia kucheka.

Dada alikuwa amepitisha mkono kwenye tundu la kitanda cha joto, kidole chake kimeshikwa na mtoto. Hakugeuka.

"Mudogo wangu, ikatike yenyewe wakati mi nimelala? Kama we unaogopa kuizima tukiwa hapa wote tumeamka, mi nitafunga macho namna gani?"

Nikaenda kwenye swichi kuu. Nesi aliutoa uzi mguuni mwa mpwa wangu, akaniinamishia kichwa kuwa yuko tayari. Nikaishusha.

Feni ya darini ikapunguza kasi, ikasimama. Nikasikia dada akivuta pumzi. Kimya kile kilikuwa kifupi, nadhani, lakini ndani yake nilishamzika yule mtoto na kuwaeleza wazazi wetu. Kisha spika ndogo ikalia juu ya meza, kwa sauti mbaya ya kukwaruza, na watoto wote wakaamka wakaanza kupiga kelele.

Nilipandisha swichi, nikakaa sakafuni. Nililia bila aibu, mbele ya bosi na manesi. Dada naye alikuwa akilia, mkono ukiwa bado ndani ya tundu.

"Zima tena," akaniambia.