Msimamizi wa Nakiru

Siku yangu ya kwanza ya ukatekista, hapa Lodwar, Baba Paroko alinikabidhi kitabu cha maswali na majibu akasema, "Mama, wakariri kwanza. Kuelewa kutakuja." Ndivyo kazi ilivyofanywa. Katekista anauliza, darasa linajibu kwa pamoja, na sauti zikivuma unaridhika. Nilipohamishiwa Lorugum niliendelea vivyo hivyo, na sijutii hata kidogo.

Kakuma ndiko nilikokutana na vijana wasiotaka kukariri. Darasa langu la mwisho la kipaimara, sakramenti ya kumwimarisha aliyebatizwa, lilichanganya Waturkana wa mjini na wakimbizi wa kambini, na wote waliamini jambo moja: Mungu yuko, hana neno na mtu, unamwita ukipata shida, mtu akiwa mwema anaenda mbinguni, kwisha. Nilikasirika. Niliwaambia wema si nauli, kwamba tunaokolewa kwa neema, zawadi ya bure ya Mungu.

"Kama wema wenu unatosha, Yesu alikufa ya nini?"



Ukafika wakati wa kuchagua wasimamizi. Msimamizi ndiye anayemwekea kijana mkono begani mbele ya askofu, na sharti awe ameimarishwa yeye mwenyewe. Nakiru, msichana mkaidi niliyempenda kuliko nilivyoonyesha, akamtaja nyanya yake. Bibi huyo hakuwahi kubatizwa. Alimwomba Akuj, Mungu wa wazee wake, kila alfajiri, na ndiye aliyemlea Nakiru pamoja na yatima wa majirani. Nikampeleka msichana kwa Baba Paroko wa pale.

"Haiwezekani, binti. Tafuta mwingine."

"Basi niache tu, Fadha. Huyo nyanya ndio alinifundisha kuomba. Kama yeye haokoki, mimi nitaokoka na nini?"

"Sijasema haokoki."

"Lakini mkono yake mnakataa."

Akatoka. Nilimfuata hadi nje ya ua wa kanisa, kwa kuwa sikuwa tayari kumpoteza.

"Kanuni sitaivunja," nilimwambia. "Lakini nijibu. Huo wema wa nyanya yako, alipewa na nani?"

Alichora mchangani kwa kidole cha mguu. "Si ni Akuj."

"Basi hata yeye alipewa. Hiyo ndiyo neema ninayoipigia kelele kila Jumamosi. Njoo upokee ya kwako. Nitasimama nawe mimi."

"Na nyanya, Mwalimu?"

"Mwachie Mungu. Mlango huo si wako kuufunga, wala si wako kuufungua."

Hakukubali siku hiyo. Alikubali wiki iliyofuata, kwa sharti kwamba nyanya akae benchi la mbele.

Siku ya askofu nilimwekea Nakiru mkono wa kulia begani. Mara nikahisi mkono mwingine, mkavu na mzito kwa shanga, ukitua begani mwangu. Bibi alikuwa ameondoka kwenye benchi, amesimama nyuma yetu. Baba Paroko alinikazia macho. Baba Askofu alichovya kidole gumba kwenye mafuta, akaendelea.

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma lakini ulimi bado. Vijana huja kuniuliza kama bibi yule ataokoka. Nawajibu kwamba kuokoa ni kazi ya Mungu, mimi sikuajiriwa nayo; yangu ilikuwa kufundisha, na niliyoyafundisha sipunguzi hata neno. Ila mkono ule sikuuondoa begani mwangu, na leo pia nisingeuondoa.