Ukuta wa Karuba Uliotoa Jasho

Ukuta wa kanisa letu pale Karuba ulianza kutoa jasho mwezi wa saba, kiangazi kikali, wakati hata majani ya ng'ombe yamekauka.

Siku ya tatu ufa ulifunguka toka chini mpaka dirishani. Mukono mzima unaingia.

Watu hawakutafuta maji. Walitafuta muntu.

Wakamupata Mama Emérita, mujane anayekaa nyuma ya kanisa. Miaka minne iliyopita, siku tulipopaka simenti juu ya matofali ya udongo, alisema mbele ya wote: "Hii nyumba munaizika ingali inapumua."

Sasa wanasema ile ilikuwa laana.

"Mulozi atoke leo leo!" Papa Kabera, mukubwa wa kanisa, alipiga kelele uwanjani.

"Aende wapi, Papa?" nikamuuliza. "Walikale, kwenye vita, kwa masasi?"

"Akaulize mashetani yake!"

Mimi sikusoma ufundi. Nilijifunza kwa kubomoa nyumba za watu. Nikachukua chuma, nikapiga chini ya ufa.

Simenti ikatoka kama ganda la yai. Ndani, tofali zimekuwa uji. Matope yakamwagika kwa miguu ya Papa Kabera, akaruka kama mbuzi.

"Uchawi iko wapi hapa?" nikawauliza. "Maji inapanda toka chini, na mvua ya miezi iliyopita iliingia kwa nyufa ndogo. Zamani wamama walipaka mavi ya ng'ombe na majivu kila kiangazi. Ukuta ulikunywa, ukakauka. Simenti ndiyo ilifunga mulango. Maji iliingia, ikakosa kwa kutokea!"

Halafu dada Alliance wa korali akacheka, kicheko kibaya.

"Kaka, na hiyo simenti nani alitupigia kelele tuipake? Nani alisema mavi ni ya watu wa nyuma?"

Uongo wa wakubwa naukumbuka wote, na tarehe zake. Huu mmoja niliusahau, kwa sababu ulikuwa wangu. Siku ile ya simenti nilipanda juu ya benchi, nikamwita Mama Emérita "malkia wa mavi". Watu walicheka mpaka machozi.

"Ni mimi," nikasema. "Mukitaka kufukuza muntu, munifukuze mimi."

Papa Kabera akaangalia chini.

Nikakimbia nyuma ya kanisa. Mama Emérita amekwisha kupanda moto, pikipiki ya kukodi, godoro limefungwa kwa kamba.

"Mama, rudi! Ukweli umejulikana!"

"Umejulikana kwenu. Mimi niko nao miaka minne. Ulinisaidia nini?"

Akamugonga dereva begani. Wakashuka njia ya Mushaki.

Kesho yake ukuta ulilala chini. Kuta tatu zingali zimesimama, zinatoa jasho. Tumekwisha kuzibandua simenti, tumeleta mavi ya ng'ombe, tumeleta majivu. Kipimo alikijua Mama Emérita; kwetu hakuna anayekijua. Tunapaka, inaanguka. Tunapaka tena, inaanguka.

Ndugu yangu, nyumba yako ikipasuka, usiulize nani anaichukia. Uliza maji inatokea wapi. Halafu uliza nani alikuambia mapema, ukamucheka.

Umufuate angali karibu.