Sare za Watoto wa Wenzangu

Babu yangu wa Tanga alikuwa akisema kwamba neno "shule" tumeachiwa na Wajerumani. Kabla yao watoto walikwenda chuoni, juzuu kwapani. Tukalipokea, tukalikuza. Msomi kwetu "ana shule". Mkaidi akitiwa adabu, "kapewa shule". Mimi yangu nilipewa Johannesburg.

Kuanzia mwaka 2016 nilishona mtaa wa Yeoville, chumba kimoja na dada wa Kikongo. Kila Januari kazi ilikuwa sare za darasa la kwanza. Wazazi walileta kitambaa na kunitajia umri wa mtoto, vipimo hawana. Basi nilimvisha binti yangu, aliyekuwa na miaka saba mwanzoni, nikampandisha juu ya stuli, nikabana pindo kwa pini. Alisimama wima, hakulalamika hata pini ilipomchoma. Kijani, buluu, kijivu: alivaa sare za mtaa mzima, na hakuna shule iliyompokea. Kibali changu cha kuishi nchini kilikuwa kimekwisha muda, na kila ofisi ya shule ilinijibu vilevile: rudi ukiwa na karatasi.

"Dada, mutoto ataenda ku masomo lini?" mwenzangu aliniuliza. Kwao shule ni masomo.

"Mwakani," nilimjibu kwa ukali, maana nilijua nasema uongo.

Siku moja mama wa Kijerumani alileta suruali ya kupunguzwa. Nikamsimulia maneno ya babu. Alifurahi, akanieleza kwamba hata wao neno hilo waliliazima kwa Walatini, nao Walatini kwa Wagiriki, na huko mwanzo kabisa maana yake ilikuwa wasaa, muda wa mtu asiye na kazi. Nilitaka kumrushia mkasi. Wasaa binti yangu alikuwa nao tele. Alishinda chini ya meza akichambua vipande vya vitambaa.

Januari ya tatu, shule zikiwa zimeshafunguliwa, nilibakiwa na sare za waliochelewa. Nikamwita kwenye stuli. Aliingiza kichwa, bega likagoma.

"Mama, inanibana."

Akaivua taratibu asiichane, akaikunja kola juu, kama nilivyomfundisha. "Tafuta mtoto mwingine," akasema.

Roho iliniuma, lakini kazi ya watu ilikuwa ikingoja. Nikatoka mlangoni kumtafuta huyo mwingine. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mtaani hapakuwa na mtoto hata mmoja.